Daktari Niliyemsingizia

Kwa muda wa kama miaka mitatu, kila mzungu aliyeongea kisiwani Rusinga aliongea kwa mdomo wangu. Jambazi, padri, rubani, mwanamke aliyeachwa kwenye stesheni ya treni, wote walikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya televisheni ndani ya kibanda cha video, kipaza sauti mkononi, nikiwafasiria watu filamu kwa Dholuo kilichonyunyiziwa Kiswahili, kwa sauti ya kushinda jenereta. Na jenereta yenyewe ilisikika hadi Uganda.

Shida ilikuwa moja tu, na ilikuwa ndogo: sikujua Kiingereza. Nilikuwa nimeishia darasa la nane, na Kiingereza nilichotoka nacho huko kilinitosha kuomba ruhusa ya kwenda choo. Lakini filamu za mateke hazidai lugha. Mtu akipigwa teke anasema "aa" kwa lugha zote. Nilikuwa naongeza matusi kidogo, jina la baba yake aliyepigwa, bei ya shati lililoraruka, na watu wanaanguka kwenye mabenchi kwa kicheko.

Mambo yaliharibika siku mwenye kibanda alipoleta sanduku la CD za mfululizo wa zamani wa mpelelezi. Alisema akina mama wamechoka na damu, na kwamba Jumamosi mchana, wakishaanua dagaa wa omena, wangependa kitu cha heshima. Basi nikaona kitu cha heshima. Mpelelezi alikuwa mzee, mnene, mwenye mwavuli ambao sikuwahi kumwona akiufungua hata mvua ikinyesha, na kazi yake yote ilikuwa kuketi sebuleni kwa watu na kuuliza maswali. Saa nzima! Hakuna anayekimbia. Hakuna anayeruka dirishani. Watu wanaongea, wanakunywa chai, wanaongea tena. Kwa mfasiri asiyejua lugha, hiyo ni kama kuambiwa uvue samaki mkubwa kama mbuta kwa uzi wa kushonea.

Nilitoka jasho la kujaza ndoo mbili. Lakini sikunyamaza. Wakiongea dakika tano kuhusu barua, mimi nilisema wanagombania ng'ombe wa mahari. Mwanamke akilia, nilisema mke mwenzake amemfungia jikoni. Akina mama walielewa kila kitu. Walikuwa hata wanamsaidia mpelelezi: "Muulize huyo mwenye bustani! Anatazama chini, muulize!" Jumamosi iliyofuata walirudi na dada zao.

Mama yangu alikuwa anakaa mbele kabisa, kwa kigoda alichokuja nacho kutoka nyumbani, kwa sababu benchi zilimuumiza mgongo na kwa sababu alitaka kila mtu aone kwamba mfasiri ni wake. Nikisema jambo la kuchekesha, alikuwa anageuka nyuma kwanza kuangalia kama wamecheka.

Sehemu ninayotaka kueleza ilikuwa ya mjane tajiri anayeishi na mwanawe katika nyumba kubwa yenye ngazi. Mjane anaugua. Daktari anakuja na mkoba mweusi, anatoa sindano, anamdunga. Picha inayofuata, mjane amefunikwa shuka mpaka kichwani. Kibanda kizima kilisema "Yawa!" kwa pamoja. Hapo mpelelezi akaja na mwavuli wake na chai zikaanza. Alimuuliza daktari, akamuuliza mtoto, akamuuliza mpishi. Mwishowe akawakusanya wote sebuleni, akatembea mbele yao polepole, akauinua mwavuli kumwelekeza mtu, na CD ikakwama.

Mwavuli ukabaki hewani. Mwenye kibanda akaitoa CD, akaipangusa kwa shati, akaipulizia, akairudisha. Ikakwama palepale. Akaipaka dawa ya meno, kwa sababu siku hizo tuliamini dawa ya meno inatibu kila kitu. Palepale.

Akina mama hawakuondoka. Mmoja, mkaanga samaki mwenye mabega kama mlango, aliniambia, "Wewe kijana, umetukalisha hapa tangu jua likiwa utosini. Ni nani aliyeua?"

"Picha imekwama, mama."

"Picha imekwama, wewe hujakwama. Ulikuwa unasikia wakiongea. Ni nani?"

Nikatazama televisheni. Mwavuli ulikuwa umeelekea upande ambao daktari na yule mtoto walisimama karibu karibu. Daktari ndiye aliyekuwa na sindano. Sindano ndiyo tuliyoiona kwa macho. Nikashika kipaza sauti vizuri nikatangaza: daktari! Na kwa kuwa sijawahi kusema jambo moja likanitosha, nikaongeza kwamba alikuwa amewaua wengine kumi na mmoja namna hiyohiyo, na kwamba alikuwa na mapatano na fundi wa majeneza, wanagawana.

Walitoka pale wakitikisa vichwa. Hadithi ya daktari na fundi wa majeneza ilivuka daraja hadi Mbita kabla mimi sijamaliza kukunja nyaya. Mama alikuwa ananisubiri mlangoni na kigoda chake kichwani, ameridhika kama mtu aliyetoka harusini.

Kibanda kilikufa baadaye, kama vibanda vyote, watu walipoanza kutembea na televisheni mfukoni. Mimi nikahamia Awendo, nikapata kazi ya mizani katika kiwanda cha sukari: trekta inaingia na miwa, naandika, inatoka, naandika. Jioni nikitoka kazini nilikuwa naenda darasa la watu wazima, na huko, katikati ya akina baba wanaosinzia na mwanamke mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni, nilisoma mpaka nikapata cheti cha kidato cha nne. Kiingereza kilinipenda sana. Mwalimu alisema insha zangu ni ndefu kuliko barabara ya Migori kwenda Isebania, na sikuona kwamba alikuwa ananilalamikia.

Cheti kilinikuta nimechoka. Mama alikuwa ameshapatikana na ugonjwa wa sukari. Majirani walinicheka: mtoto anafanya kazi kiwanda cha sukari, mama anaugua sukari, bila shaka anailetea nyumbani kwa magunia. Nilicheka nao. Halafu siku moja alipokuwa anapara samaki, mwiba wa pezi la ngege ulimwangukia mguuni ukamchoma karibu na kidole gumba. Kitu kidogo. Alikitoa, akatema mate, akaendelea na kazi. Wiki mbili baadaye bado kilikuwa kidonda. Mwezi baadaye kilikuwa kidonda kikubwa.

Muuguzi wa zahanati alimwambia aende hospitali kubwa ya Homa Bay bila kuchelewa, mguu wa mtu wa sukari hauchezewi, unaweza kwenda wote. Mama akamshukuru sana, akarudi nyumbani, akaufunga kwa kitambaa, akakaa.

Nikaenda nyumbani. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza kati ya, naweza kusema, mia nne. Jumamosi nikitoka zamu, Awendo mpaka Rongo, Rongo mpaka Homa Bay, Homa Bay mpaka Mbita, kisha pikipiki. Jumapili hivyohivyo kinyumenyume. Jumatatu nilikuwa naandika uzito wa miwa macho yakiwa yamefumba.

"Mama, twende hospitali."

"Nikafanye nini?"

"Wakuangalie mguu. Wakudunge dawa."

"Ee," akasema. "Wanidunge." Akanyoosha shuka lake. "Wuoda, nimemwona daktari wa sindano kwa macho yangu. Na wewe ndiye ulinieleza."

Wuoda maana yake ni "mwanangu wa kiume", na mama hulitamka neno hilo akiwa amekwisha kuamua. Nilifikiri anatania. Nikacheka. Hakucheka.

"Mama, ile ilikuwa filamu."

"Kwani hao wa filamu walitoa wapi? Walikaa tu wakaota?"

"Hata hivyo mimi nilibuni. Sikujua Kiingereza. Hakuna mtu aliyesema ni daktari."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mlevi akijitahidi kusimama. "Sasa unasema hivyo kwa sababu unataka niende."

"Nasema kwa sababu ni kweli!"

"Basi aliyeua alikuwa nani?"

Sikujua. CD ilikwama.

Nikajaribu njia nyingine. Mchungaji wake akaja akamwombea, akamwambia madaktari ni mikono ya Mungu. Mama akasema amina, akampa uji. Mke wa kaka yangu, ambaye ndiye anaishi naye nyumbani, alimbembeleza, akamnunia, akambembeleza tena. Yule mkaanga samaki wa mabega alikuja kumwona, na nilipomwomba anisaidie, alisema mbele ya mama, "Lakini si ni kweli yule daktari alikuwa na fundi wa majeneza?" Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi ya Rusinga ilivyo na mawe, haimezi mtu kirahisi.

Ndipo nilipoamua kuitafuta ile sehemu. Mwenye kibanda wa zamani sasa anauza chaja Mbita. Nilimuuliza zile CD ziko wapi, akanipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha shamba lake la mtama. Zote zilikuwa zimetungwa kwa kamba, zinazunguka na kumetameta juani kufukuza ndege. Mpelelezi wangu alikuwa anafukuza kwera.

Nikarudi Awendo nikamweleza mwalimu wangu wa darasa la jioni: mzee mnene, mwavuli. Akaujua huo mfululizo mara moja, akanionyesha mahali unapopatikana kwa simu. Vipindi vilikuwa vingi kuliko samaki wa ziwa. Sikukumbuka jina la kile changu. Basi nikaanza cha kwanza. Wakati wa chakula cha mchana nilikaa nyuma ya kibanda cha mizani, sikio moja kwa mpelelezi na moja kwa matrekta, nikitafuta nyumba yenye ngazi. Kipindi kimoja kwa siku, siku nyingine viwili. Mara ya kwanza niliona raha, nikisikia hatimaye yale waliyokuwa wakisema. Hakukuwa na ng'ombe hata mmoja. Baada ya wiki ya pili raha iliisha. Wazungu wanaouana katika nyumba nzuri wanachosha. Ningependa hata mmoja angekuwa na kidonda.

Siku nilipoipata ile nyumba, shemeji alipiga simu nikiwa katikati.

"Shem, mguu umeanza kunuka. Mama anasema ni harufu ya samaki. Mimi nimezaliwa ufukoni, najua samaki."

Nikamwambia nakuja. Nikamaliza kuangalia dakika zilizobaki nimesimama. Mwavuli ukainuka, na mara hii haukukwama. Nilipoona umemwelekea nani, na nikasikia mpelelezi akieleza kwa nini, nilikaa chini juu ya rundo la miwa, na dereva mmoja wa trekta akaniuliza kama nimefiwa.

Kesho yake mchana nilikuwa Rusinga. Nilimkuta mama ameketi kivulini kwa ukuta, mguu juu ya gunia. Harufu ilinipokea kabla yake. Nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikakaa ubavuni pake.

"Nimekuletea ule mchezo. Wote, mpaka mwisho. Sasa najua Kiingereza, nitakufasiria neno kwa neno."

Akafurahi. Akamwita shemeji aje. Nikaanza. Nilifasiri kama shahidi mbele ya hakimu: amesema hivi, naye amejibu vile. Baada ya dakika kumi mama akaguna.

"Siku hizi hujui kufasiri. Zamani ulikuwa mtamu."

"Hivi ndivyo wanavyosema, mama."

"Na ng'ombe wa mahari?"

"Hakukuwa na ng'ombe."

"Walienda wapi?"

"Hawakuwapo tangu mwanzo."

"Aa," akasema, na nikaona imemuuma kidogo, maana wale ng'ombe alikuwa amewapenda.

Daktari akaja na mkoba. Akatoa sindano. Mama akaushika mkono wangu akaubana. Mjane akafunikwa shuka. Chai zikaanza, na mimi nikafasiri chai zote bila kuruka hata moja. Kisha wakakusanyika sebuleni, mpelelezi akatembea mbele yao, mwavuli ukainuka. Ukamwelekea mtoto.

"Ni mtoto," nikasema.

"Mtoto gani?"

"Mtoto wake. Huyo wa kumzaa."

Shemeji akashika mdomo. Mama akauliza, "Alimpa nini?"

"Hakumpa kitu. Mzee anaeleza hapa. Mama yule alipoanza kuugua, alimwambia mtoto amwite daktari. Mtoto akampigia daktari simu akamwambia usije, mama amepona. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Siku ya tatu mpishi akaenda kumwita daktari mwenyewe kwa miguu. Daktari akaja mbio na sindano yake. Ile sindano ilikuwa dawa, mama. Ilikuwa dawa nzuri. Ila ilikuwa imechelewa." Sauti ilianza kunisaliti na sikuwa na jenereta ya kuificha. "Mpelelezi anasema sindano haikuua mtu. Kilichoua ni zile siku tatu."

Mama aliendelea kuitazama simu. Mtoto wa mjane alikuwa anachukuliwa na polisi, analia.

"Kwa nini alimchelewesha?"

"Alitaka mali. Nyumba, mashamba."

"Na wewe?"

"Mimi nini, mama?"

"Wewe mbona ulinichelewesha? Mimi sina hata mashamba."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyouliza kwa nini sijala. Shemeji akasimama akaenda jikoni, na nikamsikia akigonga sufuria ambazo hazikuhitaji kugongwa. Nilitafuta jibu refu, ninalo siku zote. Likatoka fupi.

"Sikujua Kiingereza. Na watu walikuwa wananitazama."

Mama akaushusha mguu kwenye gunia, polepole, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyelala hapo.

"Hata mimi nilikuwa nakutazama," akasema. Kisha akamwita shemeji amletee leso safi na viatu, halafu akakumbuka, akasema kiatu kimoja kitatosha.

Daktari wa hospitali ya Homa Bay alikuwa kijana kutoka upande wa mlimani, asiyejua Dholuo, mwembamba, macho mekundu. Alikuwa amechoka kuliko mimi, na sikuwa nimemwona mtu wa namna hiyo kwa miezi. Alifungua kitambaa bila kukunja pua, akabonyeza, akatazama picha za mifupa kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaanza kueleza. Kiswahili cha mama ni cha sokoni, kinajua kuhesabu na kutukana, hakijui mifupa. Na daktari mwenyewe kila akifika penye uzito alikuwa anatorokea Kiingereza. Akanigeukia.

"Unaweza kumfasiria?"

"Naweza," nikasema.

Alisema vidole viwili haviwezi kuokolewa, gumba na kinachofuata, vikatwe kesho asubuhi. Alisema mfupa wa nyuma yavyo hauonekani vizuri. Wakifungua wakakuta umeoza, watalazimika kukata juu ya kifundo, na hawatamwamsha kumuuliza. Alisema angefika miezi miwili mapema ingekuwa sindano na vidonge tu. Akaandika kitu, akangoja.

Mama alikuwa ananitazama mdomo, kama zamani kwenye kigoda chake. Nilijua namna ya kulisema ili lisiume. Vidole viwili tu, mama, vidogo, hata hutavikumbuka. Kifundo ningeweza kukiacha huko kwenye Kiingereza. Kingekuwa salama, hakuna mtu katika chumba kile angekitoa. Na ile miezi miwili pia ningeiacha huko. Nilichoka sana. Mtu akichoka hivyo, uongo ndio kiti cha karibu.

Nikamwambia vidole viwili. Nikamwambia mfupa haujulikani, na wakikuta umeoza watakata hapa, nikagusa kwa kidole changu juu ya kifundo chake. Nikamwambia na ya miezi miwili.

Mama akatazama pale nilipogusa.

"Hivyo ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo."

"Hujaongeza?"

"Sijaongeza."

"Hujapunguza?"

"Sijapunguza, mama."

Akamgeukia daktari, akamtazama kwa muda mrefu, mikono, kisha macho yake mekundu.

"Mwambie aende alale kwanza," akasema. "Asinikate akiwa hivi."

Nikamfasiria hayo pia, neno kwa neno.